Tintin, Kaburi la Mfalme na Rafu ya Watoto

Swali: Albamu za zamani za Tintin zinazosimulia wanaakiolojia na wasaka hazina ziwekwe rafu ya chini ya maktaba ya shule huko Bukirasazi, mkoani Gitega, pale mtoto anapojichukulia mwenyewe bila kuomba? Au zifungiwe kabatini? Wanaosema ni mwalimu wa historia, mkutubi, mushingantahe (mzee mwamuzi) wa mlimani, na mchoraji katuni kutoka Buyenzi, Bujumbura.

MWALIMU: Tuondoe kwanza lile lisilo na ubishi. Tintin au Congo, iliyoanza kutoka gazetini Brussels mwaka 1930 na kuwa kitabu mwaka 1931, haimo katika mjadala huu. Imeshafika hadi mahakamani: Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, aliishtaki mwaka 2007, na mwaka 2012 majaji wa Brussels wakakataa kuipiga marufuku. Mama mkutubi hajaiweka mbele ya watoto, na ninamshukuru. Malalamiko yangu ni juu ya zile zinazoonekana safi: Les Cigares du pharaon, L'Oreille cassée, Les Sept Boules de cristal, Le Temple du Soleil. Hizo hazishtakiwi na mtu. Humo msomi wa Ulaya anafika nchi ya watu, anafungua kaburi, anabeba alichokikuta, na mtoto anayesoma anashangilia upande wa mbebaji. Mtoto hatukanwi wala hachekwi. Anafundishwa tu kukaa upande fulani.

MKUTUBI: Mwalimu, ukurasa wa kwanza wa Les Sept Boules umeusoma? Tintin yuko kwenye treni. Abiria asiyemjua anamwambia kwamba mambo ya wale wasomi saba waliotoka Peru yataishia pabaya, kisha anamuuliza tungesemaje sisi kama Wamisri au watu wa Peru wangekuja kwetu kufungua makaburi ya wafalme wetu. Swali lako lote, Hergé, mchoraji wa Tintin, ameliweka mlangoni! Na aliliweka lini? Hadithi hiyo ilianza kutoka gazetini Desemba 1943, Brussels yenyewe ikiwa mikononi mwa Wajerumani.

MWALIMU: Nimeusoma. Abiria yule hana jina. Baada ya hapo ni wale saba tunaoombwa tuwahurumie, kila mmoja na jina lake na nyumba yake, wanavyoangushwa usingizini mmoja baada ya mwingine. Swali limetoka kwa mpita njia, huruma imekwenda kwa wenye majina.

MKUTUBI: Swali linarudi, na safari hii kwa kinywa cha Inka mwenyewe. Katika Le Temple du Soleil anawaambia kina Tintin kwamba wale wasomi walikuja kama mafisi, wakavunja makaburi na kupora hazina takatifu. Na mwishoni Tintin na Kapteni Haddock wanaapa kutotoboa siri ya hekalu. Hawachimbi, hawabebi sanamu, hawaendi kuandika kitabu. Nitajie kitabu kingine cha watoto kutoka Ulaya ya miaka ya 1940 chenye kiapo cha namna hiyo.

MWALIMU: Wanaapa, na wanaondoka na zawadi ya dhahabu na vito. Na kabla ya kiapo walijiokoaje? Kwa kupatwa kwa jua. Tintin amesoma kwenye kipande cha gazeti siku jua litakapopatwa, anajifanya analiamuru, na watu waliojenga hekalu kwa ajili ya jua hilo hilo wanatetemeka. Watu ambao misimu yao, sikukuu zao na ibada zao zilifuata mwendo wa jua! Mtoto wa Bukirasazi anaondoka na nini hapo? Kwamba ujuzi ni wa mgeni, na woga ni wa mwenyeji.

MKUTUBI: Anaondoka na Kifaransa. Tusisahau tuko wapi. Shuleni tunamdai mtoto huyu Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na nyumbani anasikia Kirundi tu. Riwaya zilizoletwa kwa msaada zina vumbi, hakuna anayezigusa. Albamu ya kurasa 62 zenye rangi itachukuliwa na watoto watatu kwa pamoja: mmoja atasoma kwa sauti, wawili watatazama picha na kubashiri neno lisilojulikana. Ukiifungia kabatini, Mwalimu, huna kitabu bora cha kumpa badala yake. Huna chochote cha kumpa.

MUSHINGANTAHE: Naona mnagombea makaburi ya Peru. Tuyaseme ya kwetu. Wafalme wa Burundi walizikwa kaskazini, upande wa msitu wa Kibira, katika vichaka vitakatifu vinavyoitwa inganzo. Mama zao walizikwa Mpotsa. Kulikuwa na koo zilizopewa kazi ya kulinda, mtoto akiipokea kwa baba yake. Mgeni akipita hapo haoni jengo, haoni mlango wa mawe wala alama ya siri ukutani. Anaona miti. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi katika albamu zenu, wala si rangi ya huyo Tintin. Humo kaburi la mfalme lina hazina daima. Mtoto akishaamini hivyo, siku moja atakwenda kwenye miti ile na jembe.

MKUTUBI: Mzee, kwa heshima zote, wanaokwenda na jembe hawajasoma Tintin. Tanzania watu wamekuwa wakichimba kando ya maboma na makaburi ya Wajerumani kutafuta rupia na mali wanayodhani ilifukiwa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Gitega nayo ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1912, kwa hiyo hadithi za namna hiyo hazina haja ya kutoka Brussels. Zinatoka kwenye ufukara, na kwenye mganga anayeuza ramani.

MUSHINGANTAHE: Hilo nakubali. Lakini mganga akiuza ramani, namwita tunaketi naye, namuuliza mbele ya watu. Kitabu simwoni wa kumwita.

MWALIMU: Mzee amenipeleka nilikokuwa nakwenda. Mnadhani ni hadithi za kubuni tu? Nchi jirani, Rwanda, kuna Mwami Cyirima Rujugira, mmoja wa wafalme wakuu wa zamani. Kaburi lake lilifunguliwa na mwanaakiolojia Mbelgiji, Francis Van Noten, pamoja na kaburi la mama mfalme Nyirayuhi Kanjogera. Maelezo yakachapishwa Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Afrika iliyoanzishwa na Leopold II, mwaka 1972. Miaka kumi baada ya uhuru! Kanjogera alifariki mwaka 1933. Kitabu kilipotoka walikuwapo bado wazee waliomwona kwa macho yao. Huyo si mfu wa kale asiye na ndugu. Yule abiria wa kwenye treni aliuliza tungesemaje. Basi ilitokea, na haikuwa Ubelgiji.

MKUTUBI: Na huyo huyo Van Noten ni miongoni mwa waliotufundisha historia ya kale ya eneo hili. Tanuri za chuma za Rwiyange na Mubuga, hapa hapa Burundi, zilichunguzwa na Wabelgiji, akina Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake. Kwa kazi za namna hiyo tunajua kwamba mafundi wa milima hii walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wewe mwenyewe unalifundisha darasani, na nimekusikia ukilisema kwa kujivuna. Au mfikirie Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, akachukua jiwe na kumpelekea mfalme wake. Mtu wa katuni kabisa! Mwaka 1911 alipita Burundi, na mwaka 1916 akatoa kitabu chake, Die Barundi. Leo mwanahistoria wa Burundi akitaka kujua nchi ilivyokuwa wakati huo, anakishika kitabu hicho, akikipenda au asikipende.

MWALIMU: Tanuri si maiti. Kuchimba pale fundi alipotupa mavi ya chuma ni jambo moja. Kumfunua mama wa mfalme ni jambo jingine. Tintin hayatenganishi. Katika Les Cigares du pharaon, kaburi ni njia ya chini kwa chini ya kukimbizana na wauza dawa za kulevya. Na mimi sikatai elimu. Mwaka 1970 Émile Mworoha, mwanahistoria wetu, na Mfaransa Jean-Pierre Chrétien walichapisha uchunguzi wao juu ya makaburi ya wafalme wa Burundi. Walizifuata simulizi za wanaoyajua makaburi hayo, wakaeleza miiko, koo na mahali. Tukapata historia, na miti ikabaki imesimama.

MUSHINGANTAHE: Hao nawaelewa. Waliuliza.

MCHORAJI: Niruhusuni, wakubwa wangu. Mimi nilijifunza kuchora kwa kunakili Tintin, mstari kwa mstari, kwenye madaftari ya shule. Sitamtetea wala kumshtaki. Nitawaambia nilichokiona nilipokuwa nanakili, kwa sababu anayenakili huona kuliko anayesoma. Chukueni L'Oreille cassée, kitabu cha mwaka 1937. Sanamu ya mbao ya kabila la Arumbaya, la kubuniwa, inaibiwa katika makumbusho ya Brussels. Wezi wanaitaka kwa sababu ndani yake kuna almasi. Tintin anavuka bahari hadi Amerika ya Kusini kuitafuta, anafika kwa Waarumbaya wenyewe, anaambiwa jinsi almasi ile ilivyokuwa jiwe lao takatifu na jinsi msafara wa wageni ulivyohusika na kupotea kwake. Sasa tazameni ukurasa wa mwisho. Sanamu imevunjika vipande vipande, imeungwa kwa nyuzi na pini, inachekesha. Imerudishwa. Imerudishwa wapi?

MKUTUBI: Makumbusho.

MCHORAJI: Ya Brussels. Albamu nzima inasukumwa na swali la nani ameiba, na hakuna picha hata moja ambapo mtu anauliza kama inapaswa kurudi kwa Waarumbaya. Waarumbaya wako hai, tumekaa nao kurasa kadhaa, wamesimulia. Sanamu haikuwafikia. Nilipoinakili picha ile nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, na kalamu ilisita.

(Mwandishi aongeze kidogo hapa. Sanamu ile ilichorwa kwa kuiga sanamu ya kweli ya mbao ya Wachimú wa Peru, iliyomo katika makumbusho ya kifalme ya sanaa na historia mjini Brussels. Na mwaka 2020 makumbusho hayo hayo yalizozana na bustani ya wanyama ya Pairi Daiza, pia ya Ubelgiji, juu ya nani anayo maiti kavu ya kweli iliyomwongoza Hergé kumchora Rascar Capac wa Les Sept Boules. Wabelgiji wawili, mwaka 2020, wakigombea mfu wa Andes kwa ajili ya katuni. Mimi mwandishi sikuwa na upande katika mjadala huu hadi niliposoma habari hiyo.)

MWALIMU: Kijana amenimalizia kazi. Tena lile la kwenye katuni bado linaendelea. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago cha Kakuungu, cha Wasuku. Alikitoa kwa masharti gani? Mkopo usio na ukomo. Kinyago cha Wakongo, ndani ya Kongo, kikakaa kwa wenyewe kama kitu cha kuazima.

MKUTUBI: Usiseme nusu. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren iliipa Zaire ya Mobutu vitu zaidi ya mia moja. Vingi vilitoweka baadaye, na baadhi vikaonekana kwa wafanyabiashara wa sanaa. Aliyeviuza hakuwa Tintin. Nikisema hivyo simtetei Mbelgiji. Nasema mtoto anayefundishwa kwamba mwizi huja kwa ndege tu hatamwona mwizi aliyekaa naye baraza moja.

MUSHINGANTAHE: Maneno mazito, Mama. Na ni ya kweli. Umuganuro, sherehe yetu ya mtama, ulizimwa wakati wa Wabelgiji, lakini waliotupa hirizi za baba zao motoni walikuwa watoto wa nyumbani, wamebatizwa juzi, wanataka kumfurahisha padri. Vilivyonusurika, baadhi viko Gitega, kwenye makumbusho ya taifa. Ilianzishwa mwaka 1955. Na nani? Wabelgiji. Sasa nihukumu nini?

MWALIMU: Usihukumu, Mzee, tofautisha tu. Gitega mtoto wa Bukirasazi anaweza kufika, akasimama mbele ya ngoma na kusema hii ni yetu. Tervuren hawezi hata kupata viza.

MCHORAJI: Nilikuwa sijamaliza. Albamu ile ile ya L'Oreille cassée ina jambo jingine, na ndilo linalonifanya nisikubali kabati. Nchi mbili, San Theodoros na Nuevo Rico, zinapigana kwa ajili ya mafuta yanayosemekana yako jangwani. Nyuma yao kuna makampuni ya kigeni, na kuna muuza silaha, Basil Bazaroff, anayeuuzia upande huu asubuhi na upande wa pili siku hiyo hiyo. Hergé alikuwa akikejeli vita vya kweli vya Chaco, kati ya Bolivia na Paraguay, 1932 hadi 1935, na mfanyabiashara wa kweli wa silaha, Basil Zaharoff. Majenerali wanapinduana, wakati mwingine kabla supu haijapoa. Nani ataelewa kurasa hizo haraka zaidi: mtoto wa Brussels au mtoto wa Maziwa Makuu? Mimi nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Hakuna kitabu cha shule kilichonieleza vita kwa uwazi ule.

MWALIMU: Kwa hiyo tumeze sumu kwa ajili ya sukari?

MCHORAJI: Kwa hiyo mtoto asome vyote viwili na abishane. Mimi nilibishana peke yangu, bila mwalimu.

MWALIMU: Wewe ulikuwa na kipaji. Mimi nina darasa ambalo watoto wanabanana kwenye madawati, na anayesoma peke yake rafu ya chini ni wa mwaka wa nne, si mwenye miaka kumi na mitatu. Huyo haoni sanamu imerudi wapi. Anaona imepatikana, anafunga kitabu, amefurahi. Ndiyo kazi ya mchoro mzuri, nawe unajua: unakuridhisha kabla hujauliza.

MCHORAJI: Hapo sina jibu.

MKUTUBI: Basi tupeni albamu zetu! Kila mara tukifika hapa wanaume wanasema tuchore za kwetu, kisha wanakwenda nyumbani.

MCHORAJI: Zimechorwa, Mama, hazifiki tu. Mongo Sisse wa Kinshasa alimpeleka Bingo wake Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, safari ya Tintin ikageuzwa kichwa chini. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, walitoa Madame Livingstone mwaka 2014. Inatokea kwenye ziwa letu la Tanganyika, wakati Wabelgiji na Wajerumani wakipigana humo. Wakenya wamecheka na Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, na Watanzania wamekuwa na gazeti la Sani. Madame Livingstone ilichapishwa Ufaransa na inauzwa kwa bei ya Ufaransa. Tintin anafika Bukirasazi kwa sababu kuna Mbelgiji anayefagia dari yake na kujaza sanduku. Hakuna anayefagia dari akamkuta Bingo.

MKUTUBI: Kwa hiyo hadi Bingo afike, rafu ikae tupu?

MWALIMU: Ikae na nusu. Nataka nieleweke: sisemi zichomwe. Nasema zikae mezani kwangu, zitoke siku ya somo, zirudi. Nitasoma nao ukurasa wa mwisho wa L'Oreille cassée, halafu nitawasomea sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022. Sheria hiyo inaruhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni kurudishwa, na inaihusu Burundi, maana inataja Ruanda-Urundi pamoja na Kongo. Lakini inadai mkataba kati ya nchi na nchi kwanza. Na mabaki ya binadamu haiyahusu.

MUSHINGANTAHE: Haiyahusu? Kichwa cha mtu hakirudi, kikapu kinarudi?

MWALIMU: Kwa sheria hiyo, ndiyo.

MKUTUBI: Na wewe unataka mtoto alisikie hilo kwa mara ya kwanza siku moja kwa mwaka, kitabu kikiwa mezani kwa mwalimu. Mimi nataka awe ameshakisoma mara kumi, anakijua kwa moyo, ndipo umuulize sanamu ni ya nani. Anayekipenda kitabu ndiye atakayeumia kugundua. Asiyekipenda ataandika jibu la mtihani. Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun Novemba 1922, na habari zile ndizo zilizowapa wachoraji wa Ulaya kiu ya makaburi ya Misri. Vitu vile vilibaki Cairo. Kwa nini? Kwa sababu walikuwapo Wamisri waliosimama na kukataa visigawanywe. Watu wa kukataa hawatoki kabatini.

MWALIMU: Wamisri hao hawakulelewa na Tintin.

MKUTUBI: Wala hawakulelewa na rafu tupu.

MCHORAJI: Mzee, useme. Wewe ndiye mushingantahe.

MUSHINGANTAHE: Shauri halikatwi kabla wenye mali hawajasikilizwa, na wenye mali hapa ni watoto na wazazi wao. Sanduku la albamu liko ofisini kwa mkutubi, halijafunguliwa kwa watoto wala halijafungiwa kabatini. Wazazi wa Bukirasazi, anayejua Kifaransa na asiyekijua, njooni mzitazame picha hizo, ukurasa wa kwanza hadi wa 62, mkiwa na watoto wenu. Kisha mseme. Mwalimu atakuwapo, na Mama mkutubi atakuwapo, na wala msitarajie watakuwa wamepatana.